Sufu ya Nakuru: Kutoka Mgongoni mwa Kondoo Hata Kiwandani



Nimeombwa niseme nanyi kwa muda mfupi juu ya sufu. Kazi yangu ni kufasiri maneno, kwa hiyo sina budi kuanza na neno lenyewe. Sufu ni manyoya ya kondoo. Tusilichanganye na sufi, ambayo hutoka katika matunda ya msufi na kujazwa katika mito na magodoro. Sufi humea mtini, na mti hujilisha wenyewe. Sufu humea mgongoni mwa mnyama aliye hai, naye hutaka kulishwa, kutibiwa na kulindwa kila siku ya maisha yake. Mtu akisahau tofauti hiyo, atapata hasara kubwa, kama tutakavyoona.

Tangu zamani kondoo wamekuwako katika Bonde la Ufa. Kondoo mwekundu wa Wamasai ni mnyama hodari: huvumilia njaa, na wataalamu wamethibitisha kwamba hushinda minyoo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Lakini mwili wake una nywele fupi tu, hauna sufu ya kusokotwa. Alifugwa kwa ajili ya nyama, mafuta na ngozi.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Baada yake wakaja walowezi, na baadhi yao walitazama nyanda zile zenye baridi na majani marefu wakasema, Hapa ni mahali pa kondoo wa sufu. Mmoja wao alikuwa Lord Delamere, ambaye alipewa na Serikali eka 100,000 karibu na Njoro. Aliagiza kutoka New Zealand kondoo majike 500 wa aina ya Merino, ambao sufu yao ni laini kupita zote. Majani yalikuwa tele na maji yalikuwapo, lakini kondoo walikonda, wakadhoofika, wakafa. Takriban wanne katika kila watano walikufa.

Sababu ilikuwa nini? Wamasai walikuwa hawapendi kulisha wanyama wao katika nchi ile, ingawa ilionekana nzuri machoni. Walijua kwa kuona, kizazi baada ya kizazi, kwamba mnyama akikaa pale hanenepi. Waswahili husema, Mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mambo yaligeuka: mgeni ndiye angalipona, kama angalimwuliza mwenyeji kwanza.

Miaka mingi ilipita kabla wataalamu hawajaeleza jambo hili. Udongo wa sehemu zile una upungufu wa madini yaitwayo kobalti, na ugonjwa uliotokea ukapewa jina la Nakuruitis, kwa ajili ya mji wetu. Katika miaka ya 1930 wachunguzi wa Australia walionyesha kwamba kondoo hawezi kuishi pasipo kobalti, ijapokuwa anahitaji kiasi kidogo mno. Vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza huitumia kufanyiza vitamini B12. Isipokuwapo, kondoo hupoteza hamu ya kula, akafa kwa njaa huku amesimama katika majani yanayomfika tumboni. Dawa yake ni rahisi: kumpa chumvi ya kulamba iliyotiwa kobalti. Kitu kidogo kuliko punje ya mchanga ndicho kilichoangamiza karibu kundi zima.

Delamere aligeukia ngano huko Njoro, na kondoo wake wakastawi zaidi huko Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Walowezi wengine walifuga huko Naivasha, na huko Molo, ambako ni juu na baridi ni kali. Molo ikapata sifa kwa kondoo wa Corriedale na Romney Marsh, ambao hutoa nyama na sufu pamoja. Hata leo jina la Molo likitajwa, watu wengi hukumbuka nyama ya kondoo.

Lakini upungufu wa madini haukuwa adui wa pekee. Kupe wa masikio huleta ugonjwa wa kondoo uitwao wa Nairobi, ambao huua wengi. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha, wana-kondoo walikufa kwa wingi na majike wakaharibu mimba. Madaktari Daubney, Hudson na Garnham waliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1931 wakatangaza habari za virusi ambavyo havijapata kujulikana. Ndiyo Homa ya Bonde la Ufa. Huenezwa na mbu, hasa baada ya mvua nyingi kupita kiasi, na wanadamu pia hushikwa nayo wagusapo damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Tangu wakati huo imevuka mipaka ya Kenya ikafika Misri, na mwaka 2000 ikavuka bahari hata Arabuni.

Kwa hiyo mfugaji wa sufu hana siku ya kulala. Yampasa kuwapitisha kondoo katika josho ili kuua kupe, kuwapa dawa ya minyoo, kuwakata kwato zisioze wakati wa masika, na kuwahamisha malisho kabla hayajachafuka. Kondoo akiugua au akishinda njaa, hata kwa majuma machache, unywele wa sufu huwa mwembamba mahali pale, na ukivutwa katika mashine hukatika. Maradhi ya mwezi mmoja huandikwa katika sufu ya mwaka mzima, na mnunuzi aliye mbali huyasoma kwa vidole vyake.

Na nani waliofanya kazi hiyo? Twawataja wenye mashamba kwa majina, lakini wachungaji na wanyoaji wa kondoo walikuwa Waafrika, wengi wao maskwota waliokaa na jamaa zao katika mashamba ya walowezi. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo wapate ruhusa ya kukaa, kulima na kulisha wanyama wao. Mifugo yao ilipoongezeka, wenye mashamba waliogopa maradhi, na waliogopa pia kwamba mtu mwenye mali yake hatataka kazi ya mshahara. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota iliondolewa katika mashamba mengi ya Naivasha na Nakuru, na wenyewe wakaliita jambo hilo Kifagio. Basi palikuwa na mtu aliyejua kumtibu kondoo, kumzalisha na kumnyoa, naye amekatazwa kuwa na kondoo wake mwenyewe. Haifai kusimulia habari za sufu na kulificha jambo hili.

Sasa tuifuate sufu yenyewe. Kondoo hunyolewa kwa makasi au kwa mashine mara moja kwa mwaka. Mnyoaji hodari huitoa sufu yote kama shuka moja bila kumjeruhi mnyama, wala hapitishi makasi mara mbili mahali pamoja, kwa maana vipande vifupi havisokoteki vizuri. Kisha sufu hutandazwa mezani, na ile ya tumbo na ya miguu, iliyo chafu, hutengwa na ile ya mabega na ubavu, iliyo bora. Ikisha kuchaguliwa hushindiliwa katika marobota.

Kiwandani huoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni, ili kuondoa jasho, vumbi na mafuta. Hapo uzito hupungua sana, pengine theluthi au hata nusu. Kisha huchambuliwa kwa mitambo yenye meno, husokotwa kuwa uzi, hutiwa rangi na kufumwa. Blanketi huongezewa kazi moja: uso wake hukwaruzwa taratibu mpaka nyuzi zisimame, na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi hizo ndiyo inayotupa joto.

Kwa miaka mingi kazi hizo zilifanyika Ulaya. Marobota yalishuka Mombasa, yakapakiwa melini kwenda Uingereza, na mkulima wa Nakuru akanunua blanketi lililotoka ng'ambo. Mwenye kondoo alipata bei ya manyoya machafu. Faida ya kuosha, kusokota, kufuma na kutia rangi ilibaki kwa wengine. Baadaye Nakuru ikapata viwanda vyake vya mablanketi, na Eldoret ikapata kiwanda cha nguo za sufu kilichojulikana kwa jina la Raymond. Lakini nyuzi zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli zilikuwa rahisi kuliko sufu, na tangu miaka ya 1990 masweta na makoti ya mitumba yamejaa masokoni. Mashamba makubwa mengi yaligawanywa baada ya uhuru, na mwenye eka chache huona faida ya upesi zaidi katika maziwa, viazi au nyama.

Je, habari za sufu zimekwisha? La. Huko Njoro, katika nchi ile ile iliyowaua kondoo wa Delamere, kikundi kiitwacho Kenana Knitters kimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanawake husokota sufu kwa mikono, hutia rangi na kufuma vikaragosi vya wanyama na nguo ambazo huuzwa hata ng'ambo. Kilo moja ya sufu chafu haina bei kubwa, lakini iliyokwisha kuwa tembo mdogo wa kuchezea mtoto ina bei nyingine kabisa, na bei hiyo hurudi Njoro.

Basi, ndugu zangu, kila mwenye kufikiri kufuga kondoo wa sufu namshauri aulize mambo mawili kabla ya kununua hata dume mmoja. Kwanza awaulize wazee waliochunga katika nchi ile, na Bwana Mifugo pia, udongo wake una nini na umekosa nini. Pili aulize, Sufu yangu ikisha kunyolewa, ni nani atakayeisokota? Akikosa jibu la swali la pili, afadhali afuge kondoo wa nyama.