Kila Kikundi Kitoe Mpimaji Wake
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tumeombwa tuseme juu ya kupima ardhi na kuchora ramani. Wengine watauliza, "Hayo yanatuhusu nini? Si ni kazi ya sabeya?" Ni kweli, ni kazi ya sabeya. Lakini hebu tazameni miradi yetu. Mtaro wa bomba ukichimbwa bila kupima mwinuko, maji hayafiki kwenye tangi. Shule ya chekechea ikijengwa kabla mpaka haujajulikana, siku moja jirani anakuja na hati yake, na ukuta unabomolewa. Jasho la harambee limepotea hivyo tu.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 18, makabila 7 yalikuwa hayajapata urithi wao. Yoshua hakutafuta wageni wa kuwapimia. Aliagiza kila kabila litoe watu 3, wakaizunguke nchi na kuiandika katika mafungu 7. Ndipo ikagawanywa. Wapimaji wale walitoka kwa wenye haja wenyewe. Hilo ndilo neno letu la leo.

Hapa kwetu mambo yalianza vingine. Idara ya upimaji ya Kenya ilianzishwa mwaka 1903, na kazi yake kubwa wakati ule ilikuwa kupima mashamba ya walowezi. Mwafrika alibeba mnyororo na kufyeka njia. Kuandika hesabu ilikuwa kazi ya mwingine. Baada ya Uhuru ilibidi watu wetu wafundishwe. Mwaka 1975 kituo cha upimaji na ramani kilianzishwa Nairobi kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki na Kusini. Mwaka 1994 chuo cha upimaji na ramani kilifunguliwa Ruaraka, Nairobi, kwa msaada wa Japani. Vyuo vikuu navyo vinafundisha, kama Chuo Kikuu cha Nairobi, na kile cha Dedan Kimathi huko Nyeri. Kwa hivyo mahali pa kusomea papo. Swali ni hili: nani kutoka kijijini kwetu anakwenda?

Mbona tunasisitiza? Wacha tutoe mfano wa ramani ya mashamba iliyo katika ofisi ya ardhi. Nyingi zilichorwa kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka kwa ndege, zikionyesha ua wa miti. Nyingi ni za kipimo cha 1 kwa 2,500. Maana yake, milimita 1 kwenye karatasi ni mita 2 na nusu shambani. Basi upana wa mstari wa kalamu peke yake waweza kuwa zaidi ya mita moja! Ramani ya namna hiyo inaonyesha shamba la nani limepakana na la nani. Haiwezi kuamua ugomvi wa hatua mbili. Lakini ni ndugu wangapi wamekatana kwa panga kwa sababu mtu aliweka rula juu ya nakala ya ramani akasema, "Umeingia kwangu"? Mtu mmoja kijijini anayeelewa jambo hili angeokoa damu.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka ugomvi wa mpaka uende kwanza kwa Msajili wa Ardhi kabla ya kortini. Tena kung'oa alama ya mpaka ni hatia. Biblia nayo imekataza, Kumbukumbu la Torati 19:14. Na wale wenye ardhi ya jamii, Sheria ya mwaka 2016 inawapa njia ya kuisajili, lakini haisajiliwi bila kupimwa. Msipojua mipaka yenu, mtaonyeshwa na wengine.

Msiseme kwamba kupima ni kwa wasomi peke yao. Huko Ukambani, vikundi vya mwethya vilichimba mitaro ya fanya juu kwa kamba, fimbo mbili za urefu sawa na pimamaji ndogo iliyoning'inizwa katikati ya kamba. Pimamaji ikitulia katikati, pale fimbo mbili ziliposimama pana mwinuko mmoja, na hapo ndipo mtaro unapita. Wakulima wengi walijifunza hivyo. Kibera nayo, mwaka 2009, vijana wa mtaa walizunguka na vyombo vya kupokea alama za setilaiti, wakaandika mabomba ya maji, shule na zahanati katika ramani. Kabla ya hapo mtaa ule ulionyeshwa kama mahali patupu. Ramani hiyo waliipa jina la Map Kibera.

Basi kikundi kifanye nini?

Kwanza, chagueni watu 3, angalau mmoja mama na mmoja kijana. Wazunguke kijiji, wachore njia, visima, mashamba na miti ya mipaka. Wazee wawepo. Ramani hiyo si hati, lakini itasaidia kila mradi.

Pili, mnapolipa mtu apime kwa ajili ya hati, mwambieni awaonyeshe leseni yake. Kazi ya hati ni ya mpimaji wa serikali au mwenye leseni. Asiyekuwa nayo atakula pesa zenu, na ofisi itakataa karatasi zake.

Tatu, tafuteni mtoto mmoja, msichana au mvulana, anayependa hesabu, fizikia na jiografia. Mfuko wa kikundi umsaidie karo. Msimwache kwa sababu ni msichana. Theodolaiti haiulizi nani anaitazama. Akimaliza chuo, asianze kwa kutafuta leseni. Hiyo huja baada ya masomo zaidi, mazoezi na mtihani. Atafanya kazi chini ya wenye leseni kwanza, na kijiji kitakuwa na mtu wa kuuliza.

Mkirudi nyumbani, ulizaneni: Mradi wetu umesimama juu ya ardhi ya nani? Nani anajua mpaka wake, naye atamwonyesha nani kabla hajafa?

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu idumu.