Sheria Iliyotungwa kwa Majina ya Watu Wawili

(Niliyosema kwenye kikao cha vijana wa tawi letu)

Leo naomba twende Kumasi, Ghana, enzi hizo ikiitwa Gold Coast.

Kumasi kuna mtaa wa Zongo, ndiyo kusema mtaa wa wageni: Wahausa na Waislamu wengine waliotoka kaskazini, wengi wakazaa na kuzikana hapo hapo. Jumuiya yao ya kusaidiana ikageuka chama mwaka 1954, Muslim Association Party. Uchaguzi wa mwaka ule kikapata kiti kimoja kati ya 104. Kimoja tu, jamani! Lakini Zongo ilikuwa na kura, na chama kilisimama na wapinzani wa Nkrumah.

Uhuru ukaja Machi 6, 1957. Agosti hiyo hiyo serikali ikaamuru viongozi wawili wa chama Kumasi, Amadu Baba na Othman Larden, wafukuzwe wapelekwe Nigeria. Wakakimbilia mahakamani: sisi ni raia wa Ghana. Sasa sikilizeni vizuri. Kesi ikiwa bado iko kwa jaji, Bunge likapitisha sheria ya kuwafukuza, majina yao yameandikwa kabisa kwenye kichwa cha sheria! Wakapandishwa ndege. Darasani tulilipita hili kwa dakika mbili, mimi sikulala.

Mwisho wa mwaka ikaja sheria ya kupiga marufuku vyama vya dini, kabila na mkoa. Mtaniuliza, dada, wewe unataka vyama vya dini? Hapana. Hata sheria yetu ya vyama ya 1992 inavikataza, na mimi naiunga mkono. Ila angalieni mpangilio: walianza kuondoa watu, kanuni ikafuata baadaye. Wapinzani wakaungana kuwa United Party chini ya Busia, ambacho hakikuwa cha dini wala kabila. Kikaachwa? Mwaka 1958 ikatungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini hadi miaka mitano bila kesi.

Wakili J. B. Danquah aliipinga mahakamani akiwatetea Baffour Akoto na wenzake. Mwaka 1961 akashindwa. Kisha akawekwa ndani yeye mwenyewe kwa sheria ile ile, akafia gereza la Nsawam, Februari 1965.

Tanganyika ilitunga ya kwake mwaka 1962. Kikao kijacho tunaisoma, kila mtu aje na nakala.