Nyumbu wa Kitengela na Mashine Isiyosema "Sijui"



Naanza na nyumbu. Mwaka 1978 uwanda wa Athi-Kaputiei nchini Kenya, ambamo Kitengela imo, ulikuwa na nyumbu takriban 30,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Hesabu hizo, zilizofanywa kwa ndege miaka nenda miaka rudi, zilichapishwa na mtafiti Joseph Ogutu na wenzake mwaka 2013. Anayepita leo barabara ya Namanga, akaona seng'enge na mabango ya ploti, hana haja ya kuelezwa walikokwenda.

Swali la walikokwenda ndilo mtihani wangu. Chombo chochote cha akili unde kinachobisha hodi katika utafiti wangu nakiuliza: nyumbu wa Kitengela walipungua kwa nini, na ni nani aliyesema hivyo? Sikiulizi nisilolijua. Wengi wetu hufanya kinyume, kisha tunakipa alama kwa ufasaha wake.

Kimoja kilinijibu kwa aya nne safi: kugawanywa kwa ranchi za vikundi, nyua, mji kutanuka. Sawa kabisa. Kikaongeza marejeo matano. Matatu hayakuwa na kasoro. La nne lilikuwa na mwandishi ninayemfahamu, jarida ninalolisoma, hata nambari za kurasa. Makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu. La tano lipo, ila linazungumzia nyumbu wa Maasai Mara, si wa Kitengela. Mimi hilo la tano ndilo lililoninyima usingizi. Rejeo la kubuni utalinasa kwa dakika mbili. La kweli lililosingiziwa maneno hulinasi mpaka uketi ulisome.

Mashine hizi hubashiri neno linaloelekea kufuata, na rejeo bandia hufuata vizuri tu. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka kortini kesi zilizobuniwa na ChatGPT. (Nao walikuwa wamesoma sheria!) Vyombo kama Elicit, vinavyopekua kwanza hazina ya makala, ni afadhali. Lakini tasnifu iliyopigwa taipu na kuachwa rafuni, au daftari la mikutano ya ranchi ya kikundi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968, vitaviona wapi?

Kipimo changu cha pili ni neno moja la Kimaa: olopololi. Ni malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, na mpaka wake wa asili ni mapatano ya majirani. Nilikipa chombo maelezo ya mzee mmoja, kwa idhini yake na baada ya kufuta jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina mzaha. Nikakitaka kipange majibu yake katika jedwali. Olopololi kikaitafsiri "shamba lenye uzio", na mzee wa watu akaangukia safu ya waliowazibia nyumbu njia.

Nilimrudia bomani nikamsomea jedwali. Alicheka, akaniuliza huyo msaidizi wangu ni mtoto wa nani, na kama amewahi kuchunga.