Seli Isiyosikia Dawa

Leo tuko kwenye saratani ya kibofu cha mkojo, na swali linaloumiza wagonjwa wengi: kwa nini dawa iliyopunguza uvimbe mwanzoni baadaye inagonga mwamba?

Tuchukue sisplatini, dawa ya dripu inayotegemewa sana katika saratani hii. Ikishaingia ndani ya seli huing'ang'ania DNA na kuifunga mafundo, hadi seli inashindwa kugawanyika, kisha inakufa. Lakini zipo seli zinazoponyoka, na baadhi huponyoka kwa msaada wa RNA zisizotengeneza protini. Sehemu ya DNA yenye maelekezo ya protini haifiki hata asilimia 2. Iliyobaki iliwahi kuitwa takataka, jina ambalo kwa kweli haikustahili, maana humo hutoka RNA zinazowasha jeni hii na kuzima ile.

Mojawapo ni UCA1, iliyotambuliwa kwenye saratani ya kibofu yenyewe. Ikizidi ndani ya seli, huchochea ishara zinazoisaidia seli hiyo kuishi hata baada ya sisplatini kuijeruhi. Watafiti wakiipunguza UCA1 maabarani, seli ileile huanza tena kuisikia dawa. Tumaini lipo hapo, ingawa bado si tiba ya kawaida wodini.

Nasi tunaoishi na kichocho cha mkojo, ambacho kisipotibiwa kwa miaka kinaweza kuzaa saratani ya kibofu, tusingoje. Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda kituo cha afya ukapimwe.