Dobi Asiyepekua Mifuko



Tarehe 11 Oktoba 2023, watafiti wa kampuni ya ESET waliinasa barua pepe iliyojifanya imetoka kwa watu wa Outlook. Ililenga ofisi za serikali barani Ulaya na taasisi moja ya utafiti wa sera, zote zikitumia programu ya Roundcube kusomea barua. Aliyeipokea hakutakiwa kubofya chochote. Kuifungua tu kwenye kivinjari kulitosha.

Barua pepe za leo huja na mapambo ya HTML, na ndani ya mapambo hayo mtu anaweza kuficha amri za JavaScript. Kivinjari kikishazionyesha ndani ya ukurasa wako, hakiulizi nani kazileta. Kinazitii kana kwamba ni zako, kwa kuwa wewe umeshaingia. Kwa hiyo Roundcube huifua barua kabla ya kukuonyesha. Faili la kazi hiyo linaitwa rcube_washtml.php, na neno la Kiingereza la kufua limo humo humo kwenye jina.

Basi dobi huyu alifua shati, mfuko hakuupekua. Barua ilibeba picha ya SVG, yaani picha inayochorwa kwa maandishi. Ndani yake, kwenye href ya alama iitwayo use, mlikuwa na msururu wa herufi za Base64, yaani data iliyogeuzwa kuwa herufi za kawaida. Ukiutazama, ni vurugu tupu, dobi akaupitisha. Kivinjari kilipoufumbua kikakuta picha nyingine, ambayo anwani yake ni herufi moja tu: x. Picha kama hiyo haipo popote. Na hicho ndicho mvamizi alichokitaka, maana pembeni aliacha onerror, agizo la nini kifanyike picha ikikosekana. Likafanyika: folda zikaorodheshwa, barua zikasomwa na kupelekwa kwenye seva ya kundi liitwalo Winter Vivern. Hakuna nywila iliyohitaji kuibwa.

Simlaumu karani aliyeifungua. Kufungua barua ndiyo kazi anayolipwa, na semina zetu za “usibofye” zisingemfaa kitu. Kosa ni kwamba barua moja ilisomwa na wawili, dobi na kivinjari, kila mmoja kwa macho yake, na mvamizi akapita katikati yao.

ESET waliwapa Roundcube taarifa tarehe 12. Toleo la 1.6.4 lenye kiraka likatoka tarehe 16. Hapo Roundcube wanastahili pongezi. Ila Agosti na Septemba mwaka huohuo, kundi hilohilo lilikuwa likipitia tundu jingine la Roundcube, lililozibwa tangu Desemba 2020. Kiraka kilikuwepo karibu miaka mitatu, seva hazikuwekewa. Nanyi wasimamizi wa seva mliomo ukumbini, kesho mkifika ofisini, kabla ya chai, tazameni namba ya toleo lenu.