Umesoma Sosholojia, Sasa Wewe ni Nani?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana)

Nimepewa nusu saa, nitajitahidi nisile muda wa chakula.

Kila aliyesoma sosholojia ameshaulizwa na mjomba wake: "Hiyo unayosoma, ukimaliza unakuwa nani?" Aliyesoma udaktari anakuwa daktari, imeisha hiyo. Wewe unaanza kueleza mpaka chai inapoa.

Mimi nilimaliza chuo nikazungusha bahasha mwaka mzima na ushee. Nilikuwa natafuta tangazo lililoandikwa "anatakiwa mwanasosholojia". Jamani, tangazo hilo karibu halipo. Ukitoa vyuo, na halmashauri zinapoajiri maafisa maendeleo ya jamii, kazi yetu huku nje inaitwa majina mengine: ufuatiliaji na tathmini, utafiti wa soko, mahusiano na jamii kwenye migodi. Mwajiri hanunui jina la digrii yako. Ananunua uwezo wa kumuuliza mtu swali, akakujibu ukweli, ukauandika bila kuupotosha. Hapo pa kuandika ndipo penye shughuli, nitawaeleza.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kwenye kampuni moja ya ushauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla haujaanza. Timu yetu ilikuwa na mhandisi, mtaalamu wa maji, na mimi wa "kuongea na watu". Barabara ilikuwa ipite kwenye mashamba. Nikapewa dodoso, swali la kwanza: jina la mkuu wa kaya.

Basi tunafika nyumbani, baba anaitwa kutoka kijiweni, anajibu. Siku ya tatu mzee mmoja akaniambia shamba ni lake, eka mbili. Nikamuuliza miche ya michungwa ni mingapi. Kimya. Mama aliyekuwa jikoni, bila hata kugeuka, akasema: "Arobaini na moja. Mitatu imekufa." Alikuwa dada yake mzee, ameachika, amerudi kwao, na shamba analilima yeye miaka yote hiyo. Kwenye dodoso langu hakuwa na pa kukaa.

Usiku ule nikaongeza maswali matatu: nani analima hapa, nani anauza mavuno, nani anashika pesa. Tukarudia nyumba zote. Bosi alifoka kuhusu posho za siku zilizoongezeka, lakini akakubali. Kwenye ripoti nikaandika aya moja nzima kwamba fidia ikilipwa kwa mkuu wa kaya peke yake, wapo wanawake watakaopoteza shamba na pesa wasiione. Aya ile ikahamishwa kwenye viambatisho, ukurasa wa mia na kitu. Nani anasoma viambatisho? Nilikuwa mgeni kazini, nina deni la mkopo wa chuo, nikanyamaza. Yule mama sijui alipata nini. Inaniuma mpaka leo. Tangu hapo sianzi kazi kabla ya kuuliza matokeo yataandikwa wapi na nani ana mamlaka ya kuyaondoa.

Kazi hii ya mlango kwa mlango si ngeni. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alifanya hivyo mjini Philadelphia kuanzia 1896, akauliza mwenyewe nyumba kwa nyumba, na kitabu kikatoka 1899. Chuo kilichomwita hakikumpa hata darasa la kufundisha. Mwaka 1910 aliacha ualimu wa chuo akaenda kuhariri gazeti la watu waliokuwa wanadai haki zao. Alifia Ghana, 1963.

Sasa na sisi tujiseme kidogo. Tunatoka ziara tunaandika "wananchi wamechoka". Wananchi gani? Tuliongea na wangapi, au ni wale waliokuja mkutanoni, ambao tayari ni wetu? Mama muuza mboga aliyekuwa sokoni saa ile alisema nini? Tawi lenye kijana mmoja aliyesoma sosholojia halina sababu ya kukisia.

Kuhusu CV, niseme haraka. Ondoa orodha ya nadharia. Andika umehoji kaya ngapi, wapi, kwa siku ngapi, na ripoti ilitumika kufanya nini. Kama hujawahi, KoboToolbox ni bure na inafanya kazi kwenye simu hiyo uliyoshika. Chagua jambo moja la mtaani kwako, maji au takataka, uliza kaya thelathini, andika kurasa nne, mpelekee mwenyekiti wa mtaa. Hiyo ni kazi uliyoifanya, hata kama hakuna aliyekulipa.

Mchana tutapitia madodoso mliyokuja nayo. Sasa maswali. Tuanze na dada pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipomtaja mjomba.