Mgeni Asiyepewa Jembe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya faida ya kusoma sayansi. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili. Lakini nitasema juu ya jambo ambalo kila mtu wa pwani hii, toka Kilwa hadi Lindi, analijua na hapendi kulitaja: mabusha na matende.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Kilwa Kivinje. Tulipokuwa watoto alitukataza madafu, akisema yanaleta busha. Naye mwenyewe alikuwa nalo. Kwanza aliacha kwenda baharini, kisha akaacha kukaa barazani, mwisho akaacha hata kwenda msikitini siku ya Ijumaa.

Ni katika shule hii nilikojifunza kwamba madafu hayana kosa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu hapewi jembe kwa kuwa haonekani. Ni mnyoo mwembamba kama uzi, akaaye katika mishipa ya limfu kwa miaka mingi. Watoto wake huingia katika damu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Daktari Patrick Manson aligundua huko China, mwaka 1877, kwamba mbu huwafyonza pamoja na damu. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wapimaji walilazimika kutoa watu damu usiku.

Hebu fikirini: mtu anabisha hodi usiku, anataka damu yako. Utampa kama humwamini?

Mtanzania mwenzetu, Dokta Mwele Malecela, aliijua kazi hiyo. Alisoma zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1987 akaanza kazi katika kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, akiuchunguza ugonjwa huu. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulipoanza kisiwani Mafia mwaka 2000, yeye ndiye aliyeuongoza. Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi hiyo. Alifariki mwaka 2022, akiwa mkurugenzi katika Shirika la Afya Duniani.

Dawa za mpango huo ni vidonge vya ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka. Huua watoto wa mnyoo waliomo katika damu. Mnyoo mkubwa hubaki, kwa hiyo lazima watu wameze mwaka hata mwaka, mpaka afe bila mbu kuchukua uzao wake. Mwenye busha hupasuliwa. Mwenye matende hufundishwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji.

Vidonge vilipofika kwetu, zilienea habari kwamba vinaondoa nguvu za kiume. Mjomba hakumeza, wala wanawe. Mimi nilikuwa nyumbani, nimetoka Chuo Kikuu na shahada yangu. Nilijua habari zile ni za uongo. Nilijua pia kwamba busha hupasuliwa, mtu akarudi kazini. Sikusema neno. Nilijiambia: huyu ni mjomba wangu, nitamwambiaje habari za uchi wake?

Miaka ikapita. Muuguzi mmoja asiye na shahada ndiye aliyemwambia, faraghani na kwa adabu. Mjomba akakubali, akapasuliwa. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta barazani, amevaa kanzu, ametoka kuswali Ijumaa.

Akaniuliza, "Mpwa wangu, kumbe dawa ilikuwapo. Wewe hukujua?"

Nikasema, "Nilijua, mjomba."

Hakusema kitu. Aliagiza niletewe kahawa.

Wadogo zangu, kahawa ile niliimeza kwa taabu. Mficha uchi hazai, lakini siku ile nilitambua kwamba mjomba hakuuficha peke yake; nami nilimsaidia kuuficha. Likizo hii mtakwenda makwenu. Mkimwona mzee ameacha baraza, msimcheke. Tafuteni namna ya heshima ya kumwambia mlichofundishwa hapa. Mkishindwa, mwendeeni muuguzi amwambie.